Kuondoa kelele za umeme kwenye vipimo vya vihisi: mwongozo kamili kuanzia waya hadi programu

Kihisi cha joto kimezama kwenye maji yaliyotulia, hakuna anayeyagusa, lakini namba kwenye skrini zinarukaruka: 24.1, 26.8, 23.5, 25.9. Hapo wengi hukimbilia programu. Wanaweka wastani wa vipimo kumi, kisha hamsini, kisha mia, mpaka namba zinatulia na kazi inahesabiwa imekwisha. Tatizo ni kwamba wastani hulainisha namba tu, haurudishi kilichoharibika njiani. Kelele, yaani volti ngeni zinazochanganyika na ishara ya kihisi, ikisukuma kipimo upande mmoja itabaki humohumo, safari hii imejificha ndani ya namba inayoonekana tulivu, na namba ya uongo iliyotulia ni hatari kuliko inayorukaruka.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kwanza tujue kelele inatoka wapi na inaingilia njia gani, kisha tuzibe njia hiyo kwenye waya wenyewe. Programu inakuja mwisho.

Kwa nini vihisi huathirika kirahisi

Ishara za vihisi ni ndogo mno. Themokapo ya aina K, kihisi cha joto cha nyaya za metali mbili, hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kihisi cha uzito cha kawaida cha milivolti 2 kwa volti, kikilishwa volti 5, hutoa milivolti 10 tu kikiwa kimebeba mzigo wake wote. Pembeni yake inapita kebo ya umeme wa jengo yenye volti mia na zaidi, zinazobadilika mara 50 au 60 kila sekunde.

Kelele huingia kwa njia nne. Ya kwanza ni waya wa pamoja: kihisi na mota vinarudisha mkondo kwenye waya mmoja. Ya pili ni uga wa umeme, pale ambapo nyaya mbili zilizo karibu zinakuwa kama bamba mbili za kapasita. Ya tatu ni uga wa sumaku, unaozalisha volti ndani ya kitanzi chochote cha waya. Ya nne ni mawimbi ya redio, kama ya simu au kifaa cha Wi-Fi, ambayo kebo huyapokea kama antena. Kila njia ina dawa yake, na dawa ya njia moja huenda isisaidie chochote kwa nyingine. Ndiyo maana mtu hununua kebo ghali yenye ngao ya chuma inayozizunguka nyaya, akaifunga vizuri kabisa, na kelele ikabaki ilivyokuwa.

Hatua ya 1: Pima kelele kabla ya kugusa kitu

Weka kihisi mahali ambapo kinachopimwa hakibadiliki. Soma vipimo 1,000 kwa kasi ya 1,000 kwa sekunde, bila kuchuja chochote, kisha andika kipimo cha chini kabisa, cha juu kabisa na tofauti yao. Chora grafu ya sekunde hiyo moja na uhesabu mawimbi. Yakiwa 50 au 60, umeme wa jengo unaingia moja kwa moja. Yakiwa 100 au 120, shuku adapta inayogeuza umeme au taa. Miiba mirefu inayotokea mara moja moja huwa ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya kawaida au mota inayowaka. Ukiona fujo isiyo na mpangilio, kuna uwezekano ni adapta, inveta au kiendesha mota kinachokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde.

Namba hizo ndizo utakazolinganisha nazo baada ya kila badiliko. Badilisha kitu kimoja, pima, andika. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia, na wakati mwingine kimoja hukuponya huku kingine kikikuharibia.

Hatua ya 2: Tafuta njia inayopitia

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami naiona ya maana kuliko zote. Utahitaji rezista moja na dakika ishirini.

Toa kihisi mwishoni mwa kebo, weka mahali pake rezista yenye ukinzani unaokaribiana na wa kihisi. Kelele ikiisha, tatizo liko kwenye kihisi chenyewe au mahali kilipofungwa, kwa mfano mwili wake unagusa chuma chenye umeme wa kuvuja. Ikibaki, hamishia rezista kwenye terminali za bodi (saketi inayosoma kihisi), kebo ikiwa imechomolewa kabisa. Kelele ikiisha sasa, ilikuwa inaingilia kwenye kebo. Ikiendelea, iko ndani ya bodi au kwenye umeme unaoilisha bodi. Lisha bodi kwa betri, na kompyuta inayosoma vipimo iondoe kwenye chaja. Nimeona mara nyingi kelele ikitoweka papo hapo chaja inapochomolewa.

Ikithibitika kuwa ni kebo, tenganisha uga wa umeme na uga wa sumaku. Rudisha kebo, rezista ikiwa mwishoni mwake, kisha punguza ukinzani wa rezista hiyo hadi moja ya kumi. Kelele ikishuka sana, ni uga wa umeme. Isiposhuka, ni uga wa sumaku au waya wa pamoja. Kwa vihisi vyenye ukinzani mkubwa kuna jaribio jepesi zaidi: sogeza kiganja karibu na kebo bila kuigusa. Elektrodi ya pH ya kioo ina ukinzani wa mamia ya megaomu, na mkono ulio umbali wa shubiri moja unatosha kuyumbisha namba.

Mwisho, zima vifaa vya jirani kimoja kimoja huku ukitazama grafu: pampu, friji, taa, inveta.

Hatua ya 3: Panga nyaya upya

Hapa ndipo faida kubwa ilipo, na karibu haigharimu kitu.

Chukua waya wa kwenda na wa kurudi wa kihisi, virefu mita 5, vilivyolazwa vikiachana sentimita 2. Vinaunda kitanzi chenye eneo la mita ya mraba 0.1. Waya mmoja wenye mkondo wa ampea 1, ukiwa umbali wa sentimita 20, hutoa uga wa sumaku wa mikrotesla 1. Uga huo ukikipata kitanzi chote kwa 50 Hz (mara 50 kwa sekunde), huzalisha ndani yake mikrovolti 31 hivi. Kwa themokapo ya aina K hizo ni robo tatu ya nyuzi moja, zikipanda na kushuka mara 50 kila sekunde. Na hiyo ni ampea moja tu.

Dawa ni kukipunguza kitanzi hadi karibu sifuri. Sokota nyaya mbili pamoja, na kila msokoto utakuwa kitanzi kidogo kinachotazama upande ulio kinyume na wa jirani yake, hivyo volti zao hufutana. Alexander Graham Bell alipata hataza ya wazo hili mwaka 1881 kwa ajili ya laini za simu, na mpaka leo kebo za mtandao hutumia jozi zilizosokotwa. Ukisokota kwa mkono, hakikisha nyaya zinazungukana sawasawa. Ukiuacha mmoja umenyooka na kuuzungushia mwingine, jozi haitakuwa na usawa. Endelea kusokota hadi karibu kabisa na terminali, kwa sababu sentimita kumi za mwisho zilizoachwa wazi ni kitanzi tosha.

Kosa linalojirudia ni kusokota pamoja nyaya za vihisi viwili tofauti, ya ishara na ya ishara, huku waya wa kurudi ukipita kwingine. Jozi ni ishara na waya wake yenyewe wa kurudi.

Baada ya hapo ni umbali. Usipitishe kebo ya kihisi ndani ya bomba moja na kebo ya mota. Kebo hizo ziachane sentimita 30 au zaidi, na pale ambapo lazima zikutane, zipishane kwa pembe mraba badala ya kwenda sambamba. Kebo iliyobaki usiiviringe kama kamba na kuiacha sandukuni, maana umetengeneza koili. Ikate.

Hatua ya 4: Tenganisha njia za kurudi

Kila waya una ukinzani, hata wa shaba. Wa milimita za mraba 0.5, mrefu mita 10, una omu 0.34 hivi. Sasa tuseme pampu ndogo na kihisi cha joto cha LM35 vinarudisha mkondo kwa waya huohuo mmoja. Pampu ikivuta ampea 2, waya unapoteza volti 0.69, na graundi (nukta inayohesabiwa kuwa volti sifuri) ya upande wa kihisi inapanda kiasi hicho juu ya graundi ya bodi. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi. Bodi itaona joto limeongezeka kwa nyuzi 69, ilhali maji hayajabadilika hata kidogo. Mota inapoanza kuzunguka ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mwanzoni huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida.

Hakuna chujio litakalorekebisha hili, kwa sababu kwa macho ya bodi hiyo ni ishara halali. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kipimo kinaruka pampu inapowaka, kinakaa hukohuko wakati wote inapofanya kazi, kisha kinarudi ikizimwa.

Kila kifaa kipe waya wake wa kurudi, na zote zikutane kwenye nukta moja, karibu na chanzo cha umeme. Mota, rilei na taa zije upande mmoja wa nukta hiyo, vihisi upande mwingine. Ukiunganisha kwa mnyororo, kihisi kwenda rilei, rilei kwenda mota, mkondo wa mota utapita kwenye graundi ya kila mtu.

Jambo moja la usalama. Kuna wanaoshauri kukata waya wa ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Usifanye hivyo kamwe. Waya huo upo ili chuma cha kifaa kisikuue siku umeme utakapovuja. Mzunguko wa graundi, yaani mkondo unaotembea kati ya graundi mbili zenye volti tofauti, una tiba nyingine, na nitaitaja katika hatua ya 7.

Hatua ya 5: Ngao, na mahali pa kuiunga

Ngao ya karatasi ya alumini au ya nyuzi za shaba zilizofumwa huzuia uga wa umeme vizuri sana, ilimradi imeunganishwa na graundi. Isiyounganishwa popote haina kazi. Kwa uga wa sumaku wa 50 Hz, hata hivyo, alumini nyembamba haizuii karibu chochote. Hapo msokoto na umbali ndivyo vinavyosaidia.

Kwa ishara za polepole kama joto, uzito na kiwango cha maji, unga ngao upande mmoja tu, kwa kawaida upande wa bodi. Upande wa pili ikate na uifunike kwa mpira wa kuhami ili isiguse chuma. Ukiiunga pande zote mbili, na pande hizo zikawa na tofauti ndogo ya volti kwenye ethi zao, mkondo utatembea ndani ya ngao na kuileta kelele uliyotaka kuizuia. Kwa kelele za masafa ya juu, kama za kiendesha mota au redio, mambo ni kinyume: ngao huungwa pande zote mbili, na iungwe kwa kuikumbatia kote kwa kibano. Ukiivuta ikawa mkia mrefu mwembamba wa waya, mkia huo hupunguza nguvu ya ngao kwa kiasi kikubwa.

Ngao isitumike kama waya wa kurudisha ishara ikiwa unaweza kuepuka.

Hatua ya 6: Nyamazisha chanzo

Kelele iliyozimwa pale inapozaliwa haihitaji kufukuzwa kwingine. Koili ya rilei ya umeme wa DC inapokatwa hutoa mwiba unaoweza kufika mamia ya volti. Dayodi moja kama 1N4007, ikiwekwa sambamba na koili, mstari wake ukitazama upande chanya, huumaliza mwiba huo. Kwa kontakta (rilei kubwa) za umeme wa AC dayodi haifai. Tumia rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 zilizofuatana, zikiwa sambamba na koili. Kapasita iwe ya daraja la X2, iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa jengo, kwa sababu ya kawaida inaweza kupasuka. Kwa kiendesha mota, kebo ya kwenda kwenye mota iwe fupi na yenye ngao. Pete ya feraiti inayobanwa kwenye kebo husaidia kwa masafa ya juu, lakini usitarajie iondoe mvumo wa 50 Hz.

Angalia pia umeme unaoilisha bodi. Kapasita ya nanofaradi 100 iwe milimita chache tu kutoka kwenye mguu wa umeme wa kila chipu, na ya mikrofaradi 10 jirani yake. Ikiwekwa sentimita tano mbali haifanyi tena kazi ile.

Hatua ya 7: Badilisha namna ishara inavyosafiri

Kebo ikizidi mita chache na mazingira yakiwa magumu, kutuma volti ndogo ni kujitafutia shida. Una njia tatu.

Ya kwanza ni kusoma tofauti ya nyaya mbili badala ya waya mmoja dhidi ya graundi. Kelele inayoingia kwenye nyaya zote mbili kwa usawa hufutika. Amplifaya ya vipimo yenye uwezo wa desibeli 100 huipunguza kelele ya namna hiyo mara 100,000. Vigeuzi, yaani chipu zinazogeuza volti kuwa namba, kama ADS1115 vina mlango huo tayari, lakini wengi hawautumii.

Ya pili ni mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Mkondo hauathiriwi na ukinzani wa waya, hivyo kebo inaweza kwenda mbali. Upande wa bodi weka rezista ya omu 250 upate volti 1 hadi 5. Uzuri mwingine ni kwamba sifuri ya kipimo ni miliampea 4, kwa hiyo ukisoma 0 unajua waya umekatika.

Ya tatu ni kugeuza ishara kuwa dijitali palepale ilipo, kisha kuituma kwa RS-485, mfumo wa kutuma data kwa jozi ya nyaya. Ikiwa ethi za pande mbili zinapingana, chagua kifaa kilichotengwa, kile ambacho ndani yake ishara huvuka kwa mwanga au kwa transfoma ndogo bila waya kugusana. Hiyo ndiyo tiba ya mzunguko wa graundi niliyoahidi.

Kwa kihisi cha joto cha PT100 peke yake, kumbuka kwamba ukinzani wake hubadilika omu 0.385 kwa nyuzi. Omu 2 za kebo zitakuongezea nyuzi 5 za uongo, kwa hiyo tumia nyaya tatu, au nne kama usahihi ni muhimu.

Hatua ya 8: Chuja kabla ya kigeuzi, kisha chagua kasi ya kusoma

Niliwahi kusumbuliwa siku mbili na kihisi cha joto kilichoonyesha maji yakipanda na kushuka polepole, duru moja kila sekunde ishirini hivi. Nilitafuta hita, nilitafuta upepo, nilifunika tangi. Kumbe nilikuwa nasoma mara 10 kwa sekunde. Umeme wa 50 Hz ukisomwa kwa kasi hiyo, kila kipimo kinadondokea karibu mahali palepale pa wimbi. Umeme ukiwa 50.05 Hz, kipimo kinasogea kidogo kila mara, na wimbi la kasi linajitokeza kama wimbi la sekunde 20. Niliposoma mara 1,000 kwa sekunde, mawimbi 50 yalionekana waziwazi.

Wimbi la namna hiyo likishaingia kwenye namba, programu haiwezi kulitofautisha na joto la kweli. Lazima lizuiwe kabla ya kigeuzi. Rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10 huanza kukata kwenye 1.6 Hz, na kelele ya 50 Hz hubaki kama asilimia 3 tu. Gharama yake ni ucheleweshaji: badiliko la ghafla litachukua karibu nusu sekunde kuonekana lote. Kwa joto la tangi hilo ni sawa, kwa mtetemo wa mashine haliwezekani. Hesabu ya mpaka wa kukata ni 1 kugawanya kwa 2π mara R (rezista) mara C (kapasita), na ukipunguza kapasita mara kumi, mpaka wa kukata unapanda mara kumi.

Hatua ya 9: Sasa programu

Anza na kuondoa miiba, kisha ndipo wastani. Chukua vipimo vitano: 25.1, 25.0, 61.4, 25.2, 25.1. Wastani wake ni 32.4, ambao si kipimo cha kitu chochote. Vipange kwa ukubwa uchukue cha katikati, utapata 25.1.

Kwa wastani, muda una uzito kuliko idadi. Kusanya kwa milisekunde 100 kamili: ndani yake zimo duru 5 kamili za 50 Hz na duru 6 kamili za 60 Hz, na duru kamili hujifuta zenyewe. Vipimo 100 vilivyochukuliwa kwa milisekunde 100 hushinda vipimo 130 vya milisekunde 130. Kwa kelele isiyo na mpangilio, vipimo 4 hupunguza nusu, 16 hupunguza hadi robo, na 100 hadi moja ya kumi. Kutoka hapo faida inapungua haraka.

Hatua ya 10: Jaribu katika hali mbaya zaidi

Rudia kipimo cha hatua ya 1 vilevile, ukiwa umezima uchujaji wa programu, ili uone waya umefanya nini. Kisha washa kila kitu: pampu iwake na kuzima mara kumi, piga simu ukiwa umeishika kando ya kebo, chomeka chaja, geuza inveta. Acha mfumo ukirekodi kwa saa 24, maana vifaa vingine huwaka usiku tu, na unyevu wa alfajiri huibua mivujo ambayo mchana haipo.

Tofauti ya juu na chini uliyoipata iandike kwenye karatasi pamoja na tarehe, mahali ngao ilipoungwa na rangi za nyaya, uibandike ndani ya mlango wa sanduku. Miezi ijayo namba zikianza tena kurukaruka, atakayefungua sanduku hilo ataanzia hapo.